Yule Mwanamke wa Koridoni

Mdogo wangu alikuwa na mwaka na nusu hajaongea nami wakati ile seri mpya ya televisheni ilipofika Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu seri ya zamani, ile iliyoizaa hii mpya, tuliiangalia sisi wawili kwenye benchi moja, miaka mitano mfululizo. Niliapa kwamba mpya sitaiangalia bila yeye. Jumamosi ya kwanza ilipofika, saa nane ya mchana, nikajikuta nafunika cherehani yangu kwa kitenge na kwenda zangu banda la video, kama mlevi aliyetangaza kanisani kwamba ameacha.

Kwa asiyeijua nitaeleza kidogo. Ni habari za watu ambao dunia yao imeungua. Wamepanda chombo kikubwa, wanazunguka kati ya nyota wakitafuta mahali pa kukaa, na kila sayari wanayofika wenyeji wanawaambia subirini kwanza, tutawaita. Siku ya kwanza kabisa, miaka ile, mama mmoja wa Fizi, Mkongo mwenzetu, alisimama katikati ya banda akapiga makofi: "Kumbe hata bantu ba mbinguni banangojaka dosiye!" Tulicheka mpaka mwenye video akasimamisha picha. Dosiye ni lile faili la kuomba kuhamishiwa nchi nyingine, ambalo kila mkimbizi hapa analingoja.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane tulipoingia kambini, mimi kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimesoma Bukavu mpaka diplome, ingawa karatasi yenyewe sinayo. Kifaransa ninacho cha kumwaga, lakini Kiingereza kilikuwa kinanipita juu ya kichwa kama ndege zinazoshuka Lumbadzi. Yeye, kwa mwaka mmoja tu wa shule ya hapa, alikuwa anakisikia. Basi alikaa upande wangu wa kushoto akinitafsiria sikioni: "Kapiteni anasema mafuta imeisha. Daktari anadanganya. Yaya, usiogope, huyu hakufe." Yaya ndiye mimi, dada mkubwa. Alinitafsiria hata vicheko, eti, "Hapo banacheka." Sasa Kiingereza nimekijua, cha kusukuma maisha, sihitaji mtu. Lakini Jumamosi ile nilikaa nikaacha nafasi upande wa kushoto bila kujua, mpaka jamaa mmoja mnene akaniuliza, "Mama, hapa iko mutu?" Nikamwambia hakuna, akae.

Sasa niwaambie kuhusu watazamaji wa Dzaleka. Kwingine watu wakiangalia seri wanataka mapigano na mapenzi. Sisi tunataka maneno yafanane. Usicheke. Mtu aliyepita mahojiano ya ofisi ya wakimbizi mara tano hawezi kuangalia picha kama watu wengine. Pale ndani unaulizwa: mlitoka siku gani? Mvua ilikuwa inanyesha? Mlango wa nyumba ulikuwa wa rangi gani? Waliokuja walikuwa wangapi, na miguuni walivaa nini? Baada ya miaka miwili unaitwa tena, unaulizwa yale yale kwa mpangilio mwingine, na ole wako mlango uwe umebadilika rangi. Basi tumekuwa watu wa kukumbuka milango. Ukituletea kapiteni mwenye kovu shavu la kushoto, halafu kwenye seri mpya kovu limehamia kulia, banda zima linapiga kelele: "Rejet! Huyu bamupe rejet!" Rejet ni ile barua ya kukataliwa. Hakuna asiyeijua, hata watoto wanaitumia wakigombana kwenye mpira.

Na tulikuwa na karani wetu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Uvira, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha koo, alikuwa ameandika seri yote ya zamani kwenye madaftari ya shule, sizoni kwa sizoni. Katika epizodi ya kwanza ya ile mpya akatokea daktari wa chombo na pacha wake. Mwalimu akainua mkono kana kwamba yuko darasani, mwenye video akasimamisha. Akafungua daftari, akatafuta kwa kidole, akasoma: "Sizoni ya pili, epizodi ya saba. Daktari alisema: mi sina ndugu, nilizaliwa peke yangu. Alisema na kinywa yake." Mama wa Fizi akajibu, "Labda huyu pacha ni ya baba ingine." Aka! Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likavunjika mguu.

Epizodi ya pili ilikuwa balaa zaidi. Kile chombo kilichoungua mwisho wa seri ya zamani, tukakililia, kikarudi kizima na rangi mpya. "Balinunua ingine?" mtu akauliza. "Na makuta ya nani?" Vijana walikuwa wanaipenda mpya, wana haki yao, picha zake zinang'aa na wasichana wake ni warembo. Mmoja akasema, "Bazee, muache basi, hii ni stori tu." Mwalimu akageuka akamtazama taratibu. "Stori njo inatuweka hapa," akasema, yaani ndiyo inayotufungia kambini.

Kwenye grupu yetu ya simu ilikuwa hivyo hivyo. Mle ndani wamo waliokwisha kwenda, waliopewa inchi ya kuhamia, nao wanaiangalia hukohuko waliko. Rafiki yangu tuliyekuwa tunashona naye meza moja alituma sauti kutoka kwenye baridi yake: "Hata huku bantu banakasirika, ma chère, bazungu benyewe banaandika kwa internet, banasema batengenezaji balisahau stori yabo." Niliisikiliza ile sauti mara tatu, si kwa sababu ya seri. Nyuma yake nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba la jikoni, na watoto wake wakiongea lugha nisiyoijua. Nikamwambia kovu limehamia shavu la kulia.

Upweke mimi siuogopi kuutaja. Kupika nsima ya mtu mmoja, ugali wa huku, ni kazi ya kijinga, siku zote inabaki. Unaifunika, asubuhi unaitazama, inakutazama.

Lazima nieleze kwa nini tuligombana. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na dosiye moja, mimi ndiye mkubwa wa dosiye. Nilijua wenye dosiye moja wanaingizwa mmoja mmoja na maneno yao yanalinganishwa, kwa hiyo nilimfundisha. Alipokuwa na miaka kumi nilimfundisha nikiwa nashona, yeye amekaa chini anaokota pini: mlango ulikuwa wa buluu, chini una kutu, upande wa kuume. Mvua ilikuwa haijaanza. Mama alikufa ndani ya nyumba, kabla hatujatoka. Tukatoka kwa miguu, tukapanda lori la mbao. Akikosea nilimrudisha mwanzo, kama katekisimu. Wengi Dzaleka walifanya hivyo, na mimi niliwashinda wote. Nilijisifu.

Halafu tukaitwa, akiwa na miaka ishirini. Nikaingia, nikatoka. Akaingia, akatoka. Mhojaji alipotuita pamoja alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, na mkalimani, mama mmoja mpole, alikuwa ananitazama kwa huruma. Tulikuwa tumesema maneno yale yale. Si habari ile ile, nasema maneno yale yale, moja baada ya jingine: buluu, kutu chini, upande wa kuume. Hata pale niliposita, naye alisita. Tukaambiwa tuende, tutaitwa. Nilikuwa nimeishona kanzu bila kuacha nafasi ya mwili.

Tulipofika njiani mdogo wangu akasema, "Yaya, mi nimechoka. Ile ulinifundisha haiko ile niliona. Mama alikuwa mzima. Alikuwa anakimbia nyuma yetu." Nikamwambia ulikuwa mtoto, uliota. Akasema, "Niliona." Nikampiga kofi, mtu mzima wa ndevu, mbele ya wauza nyanya. Jioni hiyo akabeba begi lake akaenda Lilongwe, na simu zangu hakupokea tena.

Sasa turudi kwenye seri. Juma la epizodi ya nne niliamka nikakuta ujumbe wa ofisi kwenye simu: dosiye imefunguliwa upya, mahojiano Alhamisi ya juma linalofuata, kila mmoja peke yake. Nilijua na yeye ameupata. Nilimpigia, hakupokea. Nilimwandikia, "Alhamisi usikose," hakujibu. Asipokuja, dosiye inafungwa. Akija akasema yake nami nikasema yangu, inafungwa pia. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nayo kichwani, na chini yake kulikuwa na hofu nyingine: kwamba dosiye ndiyo kamba pekee iliyobaki inayotufunga, mimi na mtu wa mwisho wa damu yangu.

Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda bandani kupumzisha akili. Pumzika gani!

Mwishoni mwa sizoni ya tatu ya seri ya zamani kulikuwa na tukio ambalo kila mtu Dzaleka analijua. Kituo cha angani kinaungua, chombo kinataka kuondoka. Msichana mmoja, mlinzi wa mlango, amesimama mlangoni, mtoto mdogo ameshika nguo yake. Kapiteni anauliza kutoka mbele: kuna aliyebaki? Msichana anatazama koridoni, anasema: hakuna aliyebaki. Mlango unafungwa. Basi, ni hilo tu. Tulilia. Mimi nililia kuliko wote mpaka majirani wakaona nimezidi, na mdogo wangu, siku hiyo, hakunitafsiria chochote.

Seri mpya imemchukua yule mtoto, amekuwa mwanaume mzima, na katika epizodi ya nne amesimamishwa mbele ya wazee wa sayari fulani anaulizwa aliyoyaona siku ile. Halafu anasema: kulikuwa na mwanamke. Picha inaturudisha. Mlango ule ule, nguo ile ile, na safari hii tunaonyeshwa korido: moshi, na ndani ya moshi mwanamke anakimbia, ameshika kifurushi kifuani, mdomo uko wazi. Msichana anamwona. Anamwona vizuri kabisa. Anageuka anasema: hakuna aliyebaki.

Sijawahi kusikia kelele kama zile bandani. "Uongo! Uongo!" Mtu akarusha gunzi la muhindi kwenye kioo. Mwalimu wa Uvira alikuwa amesimama, madaftari yameanguka, anapaza sauti: "Ile korido ilikuwa tupu! Tuliona sisi bote! Banaharibu huyu mutoto mwanamuke! Alikuwa mutu muzuri!" Mama wa Fizi alikuwa anapiga paja, "Rejet kwa seri muzima!" Vijana nao wakasema sasa ndiyo imenoga. Ikawa vurugu, mpaka mwenye video akapanda juu ya kiti akasema ile ya zamani anayo kwenye flashi, ataiweka, watu waone, wamwachie kioo chake.

Akaiweka. Banda likatulia. Msichana mlangoni, mtoto ameshika nguo. Kuna aliyebaki? Anatazama. Hakuna aliyebaki. Mlango.

"Rudisha," Mwalimu akasema.

Akarudisha. Mara ya tatu ndipo mama wa Fizi aliposema kwa sauti ndogo, si ile yake ya siku zote, "Korido habakutuonyeshaka. Balituonyesha uso yake tu."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuiona ile korido. Tuliona uso wa msichana akiitazama, tukamwamini, kila mtu akajitengenezea korido tupu kichwani mwake. Mwalimu alikaa chini akaanza kuokota madaftari yake moja moja, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Yule jamaa mnene aliniuliza kama naumwa. Nikatoka nje kwenye jua.

Nitasema sasa, maana nimeshazunguka vya kutosha. Mdogo wangu hakuota. Tulikuwa juu ya lori la mbao, saa tisa ya mchana, watu wamejaa. Mama alikuwa ametupandisha akarudi nyumbani kuchukua diplome yangu. Mimi ndiye niliyemwambia nimeisahau. Nililia kama mjinga kwa ajili ya karatasi, naye akasema kaeni hapo, narudi sasa hivi. Risasi zikaanza upande wa soko. Dereva akapiga kelele, "Bado kuna mutu?" Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye ubao wa mwisho, mtoto ameshika nguo yangu. Mama alikuwa ametokea kwenye kona ya duka la chumvi, anakimbia, bahasha mkononi, na nyuma yake, mbali kidogo, wenye bunduki. Nikasema hakuna. Dereva akaondoa lori.

Labda tungengoja tungekufa wote. Labda dakika moja ingetosha. Sijui, na aliyeniambia muda unatibu alikuwa anauza dawa feki. Ofisini nilisema alikufa ndani ya nyumba kwa sababu hapo hakuna anayeuliza nani alimwacha nani. Halafu nikamfundisha mtoto aseme hivyo, miaka kumi, nikampokonya mama yake akiwa mzima nikamkabidhi maiti.

Jumatatu nikaenda Lilongwe. Pale Lumbadzi nilishuka kubadilisha gari, nikanunua maandazi mawili, nikala moja, la pili nikalifunga kwenye karatasi kumpelekea, kama vile bado ana miaka minane. Nilikuwa nimeambiwa ananyoa watu mtaa wa Biwi, kwenye kibanda chenye mlango wa kijani. Nilikuta amemkalisha Mmalawi mmoja mwenye umri, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Ukutani kulikuwa na televisheni ndogo. Mdogo wangu alinitazama kwenye kioo, mashine ikaendelea kuunguruma mkononi. Amekonda. Amefuga ndevu kama za baba.

"Karibu," akasema, kama anavyomwambia mteja.

Nilikaa kwenye kiti cha wanaosubiri. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikaniponyoka yote. Nikasema, "Uliona epizodi ya ine?"

Akazima mashine. "Niliona."

"Kwa Dzaleka bantu balikasirika. Banasema ni uongo, haifanane na ile ya zamani."

"Na we? Unasema nini?"

"Mi nasema mtoto aliona vizuri."

Mteja aliuliza kwa Chichewa kama kuna tatizo. Hakuna aliyemjibu, maskini, nusu kichwa. Mdogo wangu aliweka mashine mezani polepole sana. Nikamwambia yote, pale pale, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, juu ya kichwa cha yule mzee: kona ya duka la chumvi, bahasha, dereva, neno langu. Nikamwambia, "Nisamehe kwa ile kofi. Nisamehe kwa ile katekisimu. Alhamisi uende useme ile uliona. Dosiye ikufe, ikufe." Nililia vibaya, kwa sauti. Yule Mmalawi akanyoosha mkono kutoka chini ya kitambaa akanipapasa goti, "Pepani amayi, pepani," pole mama, pole, na hajui hata nalilia nini.

Mdogo wangu hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yangu, akaniuliza neno ambalo sikulitegemea. "Yaya. Alikuwa anaita. Ulisikia?"

"Nilisikia anaita."

"Alikuwa anaita mi, sivyo?" Macho yake yalikuwa yale yale ya mtoto wa kwenye benchi. "Miaka yote hii nasikiaka jina yangu. Ulisema niliota, nikafikiri labda na hiyo niliota. Mi njo alikuwa anaita?"

Sasa nisikilizeni. Mama hakumwita yeye. Aliniita mimi. Mara mbili, jina langu la nyumbani, lile la utani ambalo yeye peke yake alilitumia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na mimi ndiye niliyeweza kumwambia dereva angoje. Ndiyo sauti ya mwisho ya mtu aliyenizaa, na ni yangu. Sina kitu kingine chake. Diplome sinayo, picha sina, kaburi sijui liko wapi kama lipo.

"Injini ilikuwa inalia," nikamwambia. "Sikusikia vizuri jina."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasimama, akamaliza kumnyoa yule mzee, akamwomba radhi, akamwambia leo ni bure. "Zikomo," mzee akashukuru, akatutazama wote wawili, akatoka. Tukala lile andazi nusu kwa nusu. Hakusema kama amenisamehe na mimi sikuuliza. Alisema tu kwamba Alhamisi atakuja.

Alikuja. Alivaa shati jeupe, tukakaa benchi moja nje ya ofisi bila kuongea sana, tukaongelea kovu la kapiteni. Akaitwa yeye kwanza. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa, na alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Hatukuruhusiwa kusemezana. Nikaitwa.

Mhojaji alikuwa mpya, mkalimani alikuwa yule yule mama mpole. Nikaeleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa: lori, diplome, kona, neno langu. Katikati mkalimani akaomba maji. Mhojaji aliandika, aliandika, halafu akapitisha kidole kwenye karatasi nyingine, ya mdogo wangu bila shaka, akainua macho.

"Mama yenu alikuwa anaita," akasema. "Unakumbuka alikuwa anaita jina la nani?"

Ile karatasi ilikuwa mbali, nisingeweza kuisoma, wala sikujaribu. Nilikuwa nimewaambia mdogo wangu na Mungu kwamba siku hiyo sitasema uongo hata mmoja. Nikamtazama mkalimani, nikasema alikuwa anamwita mdogo wangu, mara mbili, na kwamba nilisikia vizuri sana. Mhojaji akaandika. Nje, kupitia dirisha, nilimwona mdogo wangu amekaa kwenye benchi na shati lake jeupe, anatikisa miguu. Nikasaini jina langu chini ya ukurasa, lile la kwenye karatasi, si lile la nyumbani.